Nimeongeza mshahara, bado wanaondoka

SWALI

Ndugu washauri, habari za kazi.

Nina kampuni ya uwakala wa forodha hapa Kurasini, Dar es Salaam. Ukiniondoa mimi tuko watu 22: wanane wa nyaraka, sita wa fildi wanaozunguka bandarini na bandari kavu, madereva watatu, wahasibu watatu, na wawili wa mapokezi na usafi. Katika miezi 12 iliyopita wameniacha watu saba. Watano walikuwa wa nyaraka, mmoja wa fildi, mmoja dereva. Nafasi zao nimezijaza, lakini hao wapya nao naona macho yao yako mlangoni.

Desemba tulifanya sherehe. Fulana zilichapishwa, kila mtu akaondoka na mchele kilo 10 na dumu la mafuta. Januari nikaongeza mshahara kwa asilimia 10 kwa wote, na karani wa nyaraka sasa mshahara wake wa msingi ni shilingi 650,000 kwa mwezi. Kabla Februari haijaisha nikawa na barua mbili za kuacha kazi mezani.

Aliyeniuma zaidi ni dada mmoja aliyekaa nami miaka minne, anayeijua misimbo ya forodha kuliko hata mimi. Aliporudi kutoka likizo ya uzazi aliomba awe anatoka saa 9 alasiri akamnyonyeshe mtoto wake wa miezi minne. Anakaa Chanika, pembezoni mwa jiji. Msimamizi wake akamjibu kwamba akimruhusu yeye, kesho wataomba wote. Haukupita mwezi akaandika barua. Nasikia huko alikokwenda analipwa karibu sawa na hapa.

Saa zetu za kazi ni saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, na Jumamosi hadi saa 7 mchana. Ukweli ni kwamba watu wa nyaraka hutoka saa 2 usiku karibu kila siku, maana wateja huleta makaratasi jioni wakati siku za bure za kontena, yaani kabla tozo za kulihifadhi hazijaanza, zinakaribia kwisha. Ovataimu hatulipi, ila wakichelewa sana natoa hela ya bajaji. Kundi letu la WhatsApp liko wazi muda wote, na mimi mwenyewe hutuma maagizo usiku ili asubuhi tusipoteze muda. Likizo tunatoa kazi ikiruhusu.

Mke wangu anasema niongeze tena asilimia 15. Rafiki yangu mwenye kampuni kama hii anasema niwafunge kwa mkataba: notisi ya miezi mitatu, na vyeti vyao vikae kwenye kabati langu. Nifuate lipi?

Mwenye Kampuni, Kurasini

JIBU

Ndugu yetu wa Kurasini,

Usifuate lolote kati ya hayo mawili kwa sasa. Anza na hesabu, kwa sababu barua yako imebeba jibu ambalo wewe mwenyewe umelipita.

Saba kati ya 22 ni kama asilimia 32, na ukiitazama hivyo utadhani kampuni nzima inavuja. Igawe kwa vitengo. Nyaraka wameondoka watano kati ya wanane, zaidi ya asilimia 60. Kwa wengine wote ni wawili kati ya 14, asilimia 14 hivi, kiwango ambacho kampuni ndogo inaweza kuishi nacho. Nyongeza ya mshahara uliwapa wote sawa, sherehe waliila wote, mwajiri ni yuleyule. Kinachowatofautisha watu wa nyaraka na wengine ni saa wanayotoka na mtu anayewasimamia. Hapo ndipo pa kufanyia kazi.

Sasa tuitazame hiyo asilimia 10 kwa jicho la karani. Mshahara wake ulikuwa kama 591,000, ukawa 650,000. Umempa 59,000 kwa mwezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaeleza namna ya kupata thamani ya saa moja: mshahara wa msingi wa mwezi ugawe kwa 4.333 upate wa wiki, kisha ugawe kwa saa za kawaida za wiki. Saa zako, ukitoa saa moja ya chakula kila siku, ni nane mara siku tano, jumlisha tano za Jumamosi, jumla 45. Huo ndio ukomo wa kisheria, kwa hiyo hapo mkataba wako hauna kosa. Ukigawa 650,000 hivyo unapata kama 3,333 kwa saa. Ovataimu hulipwa mara moja na nusu, yaani 5,000.

Kutoka saa 11 jioni hadi saa 2 usiku ni saa tatu. Kwa siku tano ni 15, kwa wiki nne ni 60. Saa 60 kwa 5,000 ni shilingi 300,000. Karani wako anajua kupiga hesabu, kazi yake ni ushuru. Anaona umempa 59,000 kwa mkono wa kulia na kuchukua 300,000 kwa mkono wa kushoto. Na hata ungelipa yote, bado ungekuwa umevuka, kwa kuwa sheria hairuhusu ovataimu zaidi ya saa 50 katika wiki nne, tena kwa makubaliano, si kwa kuamriwa saa 11 kasoro dakika tano begi likiwa begani.

Kuna kipengele kingine kinachokugusa moja kwa moja, na kwa saa zetu za Kiswahili hakisahauliki. Mfanyakazi anapaswa kupata mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena. Aliyetoka saa 3 usiku asianze kabla ya saa 3 asubuhi. Kwa kuwa wewe unafungua saa 2 asubuhi, kila anayetoka baada ya saa 2 usiku tayari amenyimwa mapumziko yake. Zaidi ya hapo, saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi huhesabiwa kazi ya usiku na ina nyongeza ya asilimia 5, ambayo kwenye saa za ovataimu hupigwa juu ya kiwango cha ovataimu. Hiyo 5,000 inakuwa 5,250. Hela ya bajaji haihesabiki humo.

Tunazitaja sheria hizi mapema kwa sababu deni la namna hii halionekani mpaka mtu mmoja aliyeondoka na kinyongo aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi. Lakini tusikudanganye kwamba watu wanakukimbia kwa sababu ya 300,000. Wangekuwa wanakimbilia hela, yule dada asingehamia kwenye mshahara uleule. Wanakimbia kutojua watafika nyumbani saa ngapi. Anayekaa Chanika akitoka Kurasini saa 11 jioni, hata foleni ikiwa mbaya, anaweza kumwambia dada wa kazi, "Nitakuwa hapo saa 2." Akitoka saa 2 usiku hawezi kumwambia chochote. Dada wa kazi anachoka na kuondoka, mtoto anapelekwa kwa bibi, mume ananuna, na mwisho kinachobaki cha kubadilisha ni kazi.

Kwa hiyo shughuli yako ya kwanza ni kuirudisha saa ya kutoka, na mlango wa kuingilia ni mteja. Chukua majalada ya usiku 20 wa mwisho mliochelewa, andika jina la mteja kwenye kila usiku na saa nyaraka zilipofika. Katika kazi hii mara nyingi majina machache yanajirudia. Waandikie hao kwanza: ankara, BL (hati ya meli ya kupokelea mzigo) na pakingi listi (orodha ya vilivyofungashwa) zifike kabla ya saa 8 mchana, zikichelewa zinashughulikiwa kesho yake asubuhi. Anayetaka ishughulikiwe jioni hiyohiyo alipe ada ya haraka, na ada hiyo iingie kwenye ovataimu ya anayebaki, si kwenye matumizi ya ofisi. Wakumbushe pia kwamba kuingiza deklaresheni, yaani tamko la mzigo kwa forodha, hakusubiri meli ifunge gati. Ratiba ya meli inajulikana siku kadhaa kabla, na mteja anayekuletea nyaraka meli ikiwa bado baharini hana sababu ya kuogopa siku za bure. Utampoteza mmoja? Inawezekana. Linganisha faida yake ya mwaka na gharama ya kumfundisha karani mpya mara tano.

Hiyo gharama ipige mwenyewe, kwa namba zako: mshahara wa miezi ambayo mgeni anajifunza huku hajafikia nusu ya kazi, saa za mwenzake anayemfundisha, na kila deklaresheni iliyorekebishwa kwa sababu ya msimbo uliokosewa, pamoja na tozo za stoo na demareji (tozo ya kuchelewesha kontena) zilizolipwa wakati mzigo umekwama. Watu wengi huandika gharama ya tangazo la kazi tu na kuona ni ndogo.

Baada ya mteja ni zamu. Wanane wagawe wanne wanne. Kundi la kwanza saa 1 asubuhi hadi saa 10 jioni, kundi la pili saa 4 asubuhi hadi saa 1 usiku, kila moja likiwa na saa nzima ya chakula. Ofisi inakuwa wazi kwa muda wa saa 12 bila dakika moja ya ovataimu, na katikati, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, wote wako mezani. Wa kwanza wanawahi kabla foleni haijakaza, wa pili wanakuja ikiwa imelegea. Jumamosi waje wanne tu, wiki kwa wiki. Mtu wa Bunju au Mbezi Mwisho akipata Jumamosi mbili nzima kwa mwezi, ataithamini kuliko fulana. Ratiba ibandikwe wiki mbili kabla, na kubadilishana zamu kuruhusiwe mradi wote wawili wasaini kwenye daftari. Kundi libadilishwe mwishoni mwa wiki tu: aliyetoka saa 1 usiku akiingia saa 1 asubuhi ana saa 12 zake kamili, lakini hana hata dakika ya akiba.

Zamu huharibika kwa njia mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni kumsukumia asiye na mtoto zamu ya jioni kila wiki kwa hoja kwamba "wewe huna haraka." Miezi miwili hivi, naye ataandika barua, na hutaelewa kwa nini. Acha wachague kwanza, kisha panapogongana mzunguke kwa zamu sawa. Ya pili ni jalada kukaa kichwani mwa mtu mmoja. Karani ametoka saa 10, saa 11 mteja anauliza, hakuna anayejua mzigo umefikia wapi, anapigiwa akiwa kwenye daladala amesimama, simu mkono mmoja, bomba mkono mwingine. Hapo zamu imekufa. Dawa yake ni karatasi moja mbele ya kila jalada yenye mambo manne: namba ya BL, hatua iliyofikiwa, nini kinasubiriwa na kutoka kwa nani, na siku ya mwisho ya bure imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Robo saa kabla ya kutoka, kundi la kwanza linamkabidhi mwenzake jalada kwa jalada. Wiki ya kwanza watalalamika kwamba ni kazi ya ziada. Ivumilie.

WhatsApp nayo. Unasema unatuma maagizo usiku ili asubuhi msipoteze muda. Unachokisahau ni kwamba ujumbe wa bosi saa 4 usiku hausubiri asubuhi, hata ukiandika "si haraka." Mtu anaamka, anasoma, analala nao. Agizo la kesho liandike kwenye daftari lako na ulitume saa 2 asubuhi. Kwa dharura za kweli nunua simu moja ya ofisi, ishikwe na mtu mmoja kwa wiki, muda anaoutumia uandikwe na ulipwe, na wateja wapewe namba hiyo, si namba za makarani. Ukivunja sharti hili wewe wa kwanza, msimamizi atalivunja wa pili.

Tukifika kwa msimamizi: yeye anasimamia wenzake na anaripoti kwako moja kwa moja, na kwa watu wa aina hiyo sheria inaweka kando masharti ya saa za kazi. Yaani yeye hana ovataimu hata akikaa mpaka saa 5 usiku. Huenda ndiyo sababu haoni ajabu wengine wakikaa. Usimfukuze kwa kosa ambalo ulilijenga wewe kwa kumpima kwa idadi ya majalada pekee. Badilisha kipimo. Kila Ijumaa akuletee namba tatu: majalada yaliyokamilika ndani ya saa za kazi, saa za ovataimu zilizotumika na sababu yake, na siku za likizo zilizochukuliwa. Ovataimu yoyote iombwe kabla ya saa 9 alasiri kwa fomu yenye jina, jalada na idadi ya saa, na anayebaki asaini kwamba amekubali. Fomu ikikosekana kazi inalala, nawe usiivunje kwa simu.

Pia akae chini afundishwe sheria ya uzazi, kwa sababu alichomnyima yule dada hakikuwa fadhila. Mama anayenyonyesha ana haki ya kuruhusiwa kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Kutoka saa 9 badala ya saa 11 ni saa mbili hizo hizo. Na ile hofu ya "kesho wataomba wote" ipime: kati ya watu wako wanane, wanaonyonyesha mwaka huu ni wangapi? Mmoja, labda wawili.

Kwa mtoto mgonjwa sheria ni nyembamba. Inatoa angalau siku nne zenye malipo katika mzunguko wa miezi 36, na siku hizo hizo zinatumika pia kwa msiba wa mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu na ndugu. Dar es Salaam hii siku nne zinaisha kwa malaria mbili. Ongeza za kwako: saa 16 za dharura kwa mwaka, zinazochukuliwa kwa saa badala ya siku nzima, kwa kumpigia msimamizi kabla ya saa ya kuingia, bila kudai cheti cha daktari kwa saa mbili za kliniki. Andika masharti hayo ukurasa mmoja. Yasipoandikwa yatakuwa ya wapendwa wa msimamizi.

Likizo "kazi ikiruhusu" maana yake haipo, kwa sababu kazi ya bandari hairuhusu kamwe. Kila mtu ana siku 28 kwa mwaka. Wanane mara 28 ni 224, kwa hiyo kwa zaidi ya nusu ya mwaka kuna mmoja wao anayetakiwa kuwa nyumbani. Panga kazi ya nyaraka kwa watu saba, si wanane, na utaona kalenda inakaa vizuri. Ibandike Januari. Likizo ya mzunguko uliokwisha inatakiwa ichukuliwe ndani ya miezi sita, na inafika 12 pale tu mfanyakazi amekubali na kazi kweli imedai hivyo.

Kabla ya yote haya kuanza, zungumza na watatu waliobaki na wapya, mmoja mmoja, dakika 20, msimamizi asiwepo, na ikiwezekana si ofisini kwako. Usiulize "Unaridhika na kazi?" Utajibiwa "Tunamshukuru Mungu, bosi," na mazungumzo yameishia hapo. Uliza kuhusu wiki iliyopita: siku gani ulitoka hapa umeudhika, ilikuwaje, nani alikuwepo? Mara ya mwisho uliomba ruhusa lini, na ulijibiwaje? Kuna kitu gani kidogo kikirekebishwa hapa utalala vizuri? Andika, usijitetee. Ndani ya siku 14 rekebisha jambo moja walilolitaja, hata kama ni feni iliyokufa, na useme waziwazi kwamba limetoka kwao. Ukiuliza kisha ukanyamaza, ni afadhali usingeuliza.

Rafiki yako sasa. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Mnaweza kukubaliana iwe miezi mitatu, ila iwe sawa pande zote mbili, maana yake nawe huwezi kumwachisha mtu bila miezi hiyo mitatu. Vyeti usiguse. Mtu aliyefungiwa cheti chake kabatini hafanyi kazi, anatafuta ufunguo. Na ukimbana mfanyakazi mpaka akaona hapakaliki akaacha, anaweza kupeleka shauri Tume ndani ya siku 30 na kudai kwamba wewe ndiye uliyemwachisha.

Mkeo ana hoja, ila isubiri. Lipa kwanza ovataimu iliyopo kwa usahihi, ionekane kwenye mstari wake katika hati ya mshahara. Endesha zamu miezi mitatu, kisha hesabu upya waliobaki na saa za ziada zilizotumika. Ikiwa watu wametulia na fedha ipo, ongeza wa nyaraka peke yao, ukieleza kwa nini.

Kuhusu yule dada hukuuliza, lakini barua yako inamtaja kuliko wengine wote. Usimpigie leo. Ngoja zamu ziwe zimebandikwa ukutani na zimefuatwa angalau mwezi mmoja, maana atawauliza waliobaki kabla hajakujibu. Kisha mpe ofa ya maandishi: kundi la kwanza la zamu, saa zake mbili za kunyonyesha zimetajwa kwa dakika, miaka yake minne inahesabiwa. Kwa kuwa anaijua misimbo kuliko wewe, mpe na kazi ya kuwafundisha wapya, yenye posho yake. Mpigie mchana.